Hindi Moja kwa Watoto Wote

Kwa miaka mingi nimekuwa na kichekesho kimoja ninachokitumia hapa Mbeya, chuoni, kila ninapoanza kuwafundisha walimu tarajali habari ya utafiti katika elimu ya awali. Nawaambia kwamba nilipokuwa kijana nilikwenda Igowole, Mufindi, na hindi kavu ndani ya sanduku, nikawa namwonyesha kila mtoto na kumuuliza, "Hiki ni nini?" Halafu nawaambia kwamba watoto wa wakulima wa mahindi, waliokulia kwenye nyumba ambazo dari zake ni ghala la mahindi, walinitazama tu, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba hawalijui hindi. Darasa linacheka. Nami nacheka nao, kisha nashusha sauti na kueleza kwamba kosa lilikuwa la kipimo chetu na la mimi niliyekishika, na wanafunzi wanainamisha vichwa na kuandika. Nimepata sifa kwa hadithi hiyo. Wanasema Madam hajikwezi, anakubali makosa yake. Hadithi yenyewe ni ya kweli, ila huwa naikata katikati, na nusu iliyobaki sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu alipokuwa hai. Mwaka huu sikuisimulia kabisa.

Mwezi wa nane nilikuwa sokoni Mwanjelwa nachagua viazi, simu ikaita. Alikuwa kijana wa Mwalimu Mgaya, yule mama aliyenipokea nyumbani kwake Igowole mwaka ule na kunilisha kwa miezi mitatu. "Mama ametutoka," alisema. "Namba yako tumeikuta kwenye daftari lake." Nilimpa pole, nikauliza siku ya mazishi, nikaendelea kuchagua viazi mpaka muuzaji akaniambia, "Mama, hivyo unavyoweka ndiyo vibovu." Nilikuwa sivioni. Nilikuwa nalirudia neno daftari kichwani, kwa sababu mimi na marehemu tulikuwa na habari yetu ya daftari, na sasa nilikuwa nimebaki peke yangu ninayeijua. Nitaieleza hapa kama ilivyokuwa, na sitajipunguzia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha ualimu na sijapangiwa shule. Mhadhiri mmoja wa Iringa, ambaye tulimwita Dokta hata akiwa hayupo, alikuwa anatafuta vijana wa kumsaidia kupima watoto wa madarasa ya awali vijijini, ajue wanaingia darasa la kwanza wakiwa wanajua nini. Nilichaguliwa. Nilipanga chumba Mlandege, hapo Iringa mjini, nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza maandazi, chumba cha sakafu ya saruji kilichoingiza kitanda, ndoo na mimi, na dirisha lake lilitazama jiko la mwenye nyumba, hivyo kila kitu changu kilinuka mafuta ya kukaangia, hadi karatasi za Dokta. Semina ilikuwa ya wiki mbili. Tulifundishwa kusoma maswali kama yalivyoandikwa, bila kuongeza neno, bila kutikisa kichwa, bila kumsifu mtoto wala kumsaidia. Ukishauliza, unahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Mtoto asipojibu, unaandika sifuri na kwenda swali linalofuata. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi na ukuta. Siku moja nilimsikia mama mwenye nyumba akimwambia jirani yake, huku maandazi yakichemka kwenye mafuta, "Yule binti wa nyuma kasoma mpaka kazidisha. Anauonyesha ukuta kijiko, anauuliza hiki ni nini, halafu anausubiri ujibu." Jirani akauliza kama ukuta unajibu. "Bado," alisema mama. Nilicheka peke yangu kitandani, nikiwahurumia kwa ujinga wao.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii Dokta aliirudia kila asubuhi. Fomu ya mtoto ina namba tu. Jina lake linakaa kwenye daftari dogo pembeni, na daftari hilo halionwi na mtu, si mwalimu, si mwenyekiti wa kijiji. Mzazi aambiwe hivyo kabla hajakubali. Basi nilipofika Igowole niliitisha mkutano wa wazazi kwenye darasa la awali, wakakaa kwenye vibenchi vya watoto magoti yamewafika kifuani, ukungu umeziba madirisha, nami nikawasomea maneno ya ridhaa kwa sauti ya habari ya saa mbili. Majibu ya mtoto wako hayatamfikia mtu yeyote. Bibi mmoja aliyekuwa mbele, kajifunga blanketi juu ya kitenge, aliinua mkono. Alikuwa anamlea mjukuu aitwaye Yusta. "Hata mwalimu?" aliuliza. "Hata mwalimu, bibi," nilimjibu. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akachovya kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza kwenye karatasi yangu kwa uangalifu, akihakikisha kimetoka chote. Nakumbuka alikosa pa kukifutia, akakifutia kisiginoni.

Kupima kulifanyika stoo, kati ya majembe ya shule na vitabu vilivyoliwa na panya. Yusta aliingia asubuhi ya siku ya tatu, akiwa namba kumi na nne. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, sweta la kijani limetoboka viwiko, miguu imepauka kwa baridi. Alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo, akasema, "Kamwene." Hiyo ndiyo salamu ya kwao, na mtu mzima huiitikia kabla ya jambo jingine lolote. Karatasi yangu haikuwa na kamwene. Ilianza na "Karibu, keti hapa." Nikasema karibu, keti hapa. Nikatoa hindi, nikauliza, "Hiki ni nini?" Alilitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika nne alilipokea kwa mikono miwili. Nilipofika sita alikuwa ameshaingiza kidole gumba kwenye mstari wa kwanza wa punje na kuufungua, kisha wa pili, punje zikimwangukia mapajani, naye akizikinga kwa upindo wa sketi isipotee hata moja. Kila baada ya mstari aliinua macho kuangalia kama namfuata. Nikamnyang'anya. Lilikuwa hindi moja kwa watoto wote, na nyuma yake kulikuwa na foleni. Nikaandika: "Hakujibu. Alichezea kifaa." Baada ya hapo hakufungua mdomo tena, si kwa kijiko, si kwa picha ya kuku, si kwa kuhesabu vizibo vya soda. Akatoka na sifuri kuanzia juu hadi chini. Aliziacha zile punje mezani, amezipanga kwenye kirundo.

Leo naweza kukuandikia kurasa ishirini kuhusu vidole vile. Naweza kukueleza kwamba katika nyumba aliyolelewa, mtu mzima hakuulizi kitu anachokijua. Akikuuliza, ama anakudhihaki ama kweli hajui, na kama hajui, mtoto hasimami kumfundisha mkubwa kwa mdomo. Anaweza kumwonyesha kwa mikono, kwa adabu, kama alivyoonyeshwa yeye. Nimeyafundisha hayo vizuri kabisa, nimeyaandikia makala, nimesafirishwa kwenda kuyasema kwenye kumbi zenye mazulia. Kila nilichokijua baadaye kuhusu watoto wadogo kilianzia kwenye mapaja ya mtoto yule, na yeye hakupata kitu. Ukweli ni kwamba alipata hasara tu, na hapo ndipo huwa nakata hadithi.

Mwalimu Mgaya hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu ameshafariki, na ni rahisi sana kumsukumia lawama. Alinipa chumba alichokuwa akiweka magunia, akayahamishia sebuleni. Kila jioni tulikula jikoni, mimi na yeye, kwenye vigoda, moto katikati, ugali wa moto na maharage au majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na alikuwa na tabia ya kunisogezea ukoko wa ugali kwa kuwa aligundua naupenda. Jioni moja, wiki ya mwisho, hakunisogezea mara moja. Alikaa nao mkononi.

"Atu mwanangu," alisema, kwa jina alilozoea kuniita, "mwalimu mkuu anataka watoto arobaini tu darasa la kwanza. Madawati hakuna. Mimi ninao hamsini na kitu. Sasa nitaacha nani?"

"Sijui, mwalimu."

"Unajua wewe. Si umewapima?"

"Tumekatazwa, mwalimu. Niliwaahidi wazazi."

"Kutwa nzima mzazi wao ni nani kama si mimi? Au nimeshakuwa mgeni kwako?" Akanipa ukoko. "Haya, kula. Nilikuwa nauliza tu."

Nilikula. Kisha nikaenda chumbani nikaleta daftari. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilishindwa kumnyima mtu aliyenilisha, na ni kweli, kwetu pia ingekuwa utovu wa adabu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo linaloniunguza hadi leo: nilifurahi kuulizwa. Mwanamke aliyefundisha watoto miaka ishirini ananiuliza mimi, wa cheti cha jana, nani ana akili. Nilivuta kigoda karibu na moto, nikamsomea mwenyewe, namba na jina, namba na jina, naye akiandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Tulipofika kumi na nne aliinua kichwa.

"Yusta? Hapana, umekosea mstari."

"Sijakosea."

"Huyu mtoto mbona mwepesi? Bibi yake anamtuma dukani vitu vitano hasahau hata kimoja. Wadogo zake wanalelewa na nani kama si yeye?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningeweza kusema, mwalimu, angelipukuchua hindi lote kama nisingemnyang'anya. Neno hilo tu. Nilikuwa nimeiona ile mikono kwa macho yangu. Badala yake nilikaa wima kwenye kigoda na kusema, "Mwalimu, kipimo kinasema hajawa tayari." Nilisema kipimo kinasema. Mwalimu Mgaya alilitazama daftari langu, akatazama moto, kisha akaandika kitu kwa kalamu nyekundu mbele ya jina la Yusta na kugeuza ukurasa.

Januari nilirudi Igowole siku mbili kuchukua fomu chache zilizosalia. Darasa la awali lilikuwa limejaa watoto wapya, wadogo, wengine wanalilia mama zao, na katikati ya benchi la nyuma alikaa Yusta, magoti juu, kama wale wazazi siku ya mkutano. Hakunisalimia. Niliona anakwangua tope kwenye kiatu cha mtoto wa pembeni yake kwa kijiti, kwa utulivu wa mtu mzima aliyeachiwa nyumba. Mchana bibi yake alinikuta bombani. Hakuja kwa ugomvi. Afadhali angekuja nao.

"Kamwene, dada," alisema.

"Kamwene, bibi." Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuitikia.

"Yusta alikuja siku ile ananiambia, bibi, yule dada wa Iringa halijui hindi. Nikamwambia usiseme hivyo, amesoma. Akasema, kweli bibi, aliniuliza. Nikamwonyesha linavyopukuchuliwa, akaninyang'anya." Alicheka kidogo, na mimi nikajilazimisha kucheka. Kisha akaacha kucheka. "Sasa mwalimu kanambia mtoto amebaki kwa ajili ya vile vipimo. Nikasema haiwezekani, dada alisema hata mwalimu haoni. Labda amemchanganya na mwingine?"

Ndoo yangu ilikuwa imejaa na inamwagika. Nilifunga bomba. "Nitaangalia, bibi," nilisema. Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili, akanitwika ndoo kichwani kwa mikono yake mwenyewe, ile iliyonipa dole gumba, kwa kuwa mimi wa mjini sikuzoea kujitwisha. Sikuangalia chochote. Ningeweza kumwambia Mwalimu Mgaya jioni ileile, na darasa la kwanza lilikuwa na wiki mbili tu tangu lianze. Lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba kipimo nilichokisemea hakikusema lolote, na kwamba mimi ndiye niliyesema. Tulikula ugali, akanipa ukoko, hatukutaja jina la mtoto.

Iringa mjini nilimkabidhi Dokta fomu zote ofisini kwake. Alizipitia mbele yangu, akilamba kidole, akipendezwa na mwandiko. "Fomu safi kuliko zote," alisema. "Ulipata shida yoyote huko?" Aliuliza kwa dhati, kalamu mkononi, akasubiri. Nikasema, "Hapana, Dokta." Ndiyo siku aliyosema ataniandikia barua ya kunipendekeza niendelee na masomo, na barua hiyo ndiyo iliyonileta hapa nilipo. Nilirudi Mlandege kwa miguu, nikanunua maandazi manne ya mama mwenye nyumba kujipongeza, na nakumbuka niliyamaliza yote.

Basi mwezi wa nane nikaenda kumzika Mwalimu Mgaya. Nilifika asubuhi, baridi ya Mufindi ileile, ya kuingia kwenye mifupa. Kijana wake alinitambulisha kwa akina mama waliokuwa uani kuwa ni mgeni wa Mbeya, rafiki wa marehemu, nao wakanipa kigoda kwenye duara la wanaopukuchua mahindi ya kande. Nilishukuru kupata kazi ya mikono. Walikuwa wanamzungumzia marehemu kama watu wanavyozungumza msibani, sifa na utani kwa zamu: alivyoimba kwaya akitangulia wenzake, alivyowachapa baba zao na bado wanampenda. Kisha mmoja akasema, "Kilichomuumiza mpaka mwisho ni kile cha kumrudisha Yusta. Hata akiwa anaumwa alikuwa anakitaja."

"Si yeye," alisema mwingine. "Kuna dada alikuja na makaratasi, akamwambia mtoto hana akili."

"Kwani alitokea wapi yule?"

"Iringa. Au Mbeya, sijui."

Nilikuwa nimeinamia hindi langu. Mama mmoja akaita ng'ambo ya duara, "Yusta, si ulikaa chekechea miaka miwili wewe?" na sauti iliyojibu ilitokea pembeni yangu kabisa, kwa mwanamke mrefu aliyekuwa akipukuchua bila kutazama mikono yake. "Miwili," alisema. "Wakiniita Mama Mkubwa." Wakacheka, naye akacheka nao. Mtu akasema ni mwaka mmoja tu, si kitu. Yusta akasema, kwa sauti ya kawaida ya kueleza njia, kwamba ndiyo, ni mmoja, ila bibi yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, na wale alioanza nao walikuwa ndiyo wanafanya mtihani wa la saba. Yeye akaacha, akalea wadogo. "Ningekuwa nimeshafanya, labda ningejua nimefaulu au nimefeli," alisema. "Basi tu." Akina mama wakahamia habari ya chumvi.

Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani zaidi nipate ujasiri wa kusema sentensi moja. Niliipanga kichwani. Mimi ndiye yule dada. Nilijua siku ile kwamba unajua. Niliwaza niiseme hapo mbele ya wote, nikawaza nimwite pembeni, nikawaza niandike barua, nikajiona ninavyoifanya tena, ninavyotafuta namna itakayoniacha bado ni Madam. Asubuhi yote alikuwa ananiita mama, mama sogea kidogo, mama chukua ungo, kwa heshima yote anayostahili mgeni wa umri wangu. Punje zilikuwa zinanirukia chini. Naye alikuwa anaziokota, moja moja, na kuzirudisha kwenye ungo.

Kisha aliacha kuokota. Alichukua hindi zima kwenye rundo, akaligeuza mkononi, akaliinua mbele yangu kwenye usawa wa macho, palepale nilipofundishwa kuliinua.

"Dada," alisema taratibu, wenzake wasisikie. "Hiki ni nini?"

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anasubiri. Nikajikuta nahesabu, kimoyomoyo, kwa mazoea. Nne. Sita. Nilifika kumi na sikuwa nimesema kitu, mimi niliyejipatia riziki kwa mdomo wangu miaka yote hii. Yusta aliingiza kidole gumba kwenye mstari wa kwanza, akaufungua polepole ili niuone, akanipa hindi.

"Na mimi nilikuwa najua," alisema.